Magesa Aenda Ukweni na Chopa

Mdogo wangu Magesa si mtu mbaya. Hilo naliweka mwanzoni kabisa, kwa sababu nikishaanza kumsema huwa nasahau. Ni dereva wa bodaboda hapa Mwisenge, na kama umewahi kukaa Musoma zaidi ya wiki moja, yumkini amekubeba. Amebeba walimu waliochelewa vipindi, amebeba manesi wa zamu, amebeba masufuria ya harusi, amebeba mbuzi aliyekaa katikati yake na mwenye mbuzi. Kuna siku alibeba kabati la nguo likiwa limesimama wima. Hakuna mtu aliyewahi kuanguka kutoka kwenye pikipiki yake. Kabati lilianguka, lakini mwenyewe anasema lilifungwa vibaya na mwenye kabati.

Alipofikisha miaka arobaini, kitu kikamwingia kichwani. Wanaume wengine wa huku kwetu wakifika umri huo huongeza mke, au hununua shamba ambalo hawatalilima. Magesa yeye aliona kwenye simu video ya Mzungu mmoja mwenye ndevu, amekaa kwenye pikipiki ndefu ajabu, ambayo wenyewe huiita chopa. Gurudumu la mbele lilikuwa mbali naye utadhani wamegombana, usukani umepanda juu, miguu ameinyoosha mbele. Mzungu yule hakuwa na haraka na hakuna aliyekuwa akimpigia simu kumwuliza amefika wapi. Alikuwa amejilaza tu, na barabara inapita chini yake.

"Dada, umeona anavyokaa?" aliniuliza, akiisogeza simu juu ya cherehani yangu.

"Amekaa kama mtu aliyeshiba."

"Ndiyo hivyo sasa. Mimi tangu nianze hii kazi nimekaaga kama mwenye njaa. Watu wote wa Musoma wanaujua mgongo wangu. Sura yangu hawaijui."

Nilicheka, nikaendelea kushona sare za watoto wa watu. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka, na mtu akichoka akilala huamka na mengine.

Kumbe hakulala. Habari zikazagaa mtaani kwamba Magesa anatengeneza chopa nyumbani kwake. Sasa, huku kwetu chopa ni helikopta, ile inayokuja wakati wa kampeni na kupeperusha kofia za watu. Kwa siku kadhaa watu walikuwa wakichungulia uani kuangalia mapanga yake ya juu. Walipokuta ni pikipiki iliyokatwa vipande, wengi walisikitika, na wawili watatu walimpa pole ya ajali.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya marehemu baba yetu, aliyekuwa katekista kule Kibara. Tangu alipofariki ilikuwa imesimama jikoni kwa mama, na kuku walikuwa wameshaichukua. Magesa aliisafirisha hadi Musoma juu ya lori la dagaa. Ikafika inanuka dagaa, na harufu hiyo haijatoka hata baada ya kupakwa rangi. Halafu akamwita Shomari.

Shomari ni jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa heshima zake, ambaye kofia yake huwa safi hata akiwa amelala chini ya geti la watu. Ndiye pia aliyekuwa mshenga Magesa alipomwoa Hyasinta, kwa sababu ana ulimi mtamu, na ukoo wetu sisi hata tukisalimiana watu hudhani tunagombana. Aliitazama ile video, akairudia, akashusha pumzi.

"Magesa, mimi nachomeleaga mageti. Geti halikimbii."

"Hii nayo haitakimbia sana."

Basi, kwa hoja hiyo nzito, wakaanza kazi.

Walikata fremu kwa grinda, cheche zikitoboa shuka langu lililokuwa limeanikwa kwangu, upande wa pili wa ua. Shokapu za mbele walizirefusha kwa bomba lililobaki kwenye geti la mchungaji fulani. Usukani ulitokana na nondo za dirisha, na ukitazama vizuri bado utaona lile ua ambalo Shomari hupenda kulipinda kwenye madirisha yake. Tangi lilipakwa rangi nyekundu, likapakwa nyeusi, likarudishwa nyekundu, kwa kuwa wakubwa hao wawili hawakuelewana, na mimi nilipoitwa kuamua niliongeza ugomvi kwa kusema bluu. Lazima nikiri kazi ilipendeza kuitazama. Kila jioni watu wazima walisimama uani wakiwa wamefunga mikono nyuma, wakitoa ushauri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutengeneza kitu chochote.

Siku ya kuwasha injini, injini ya baba ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Walihangaika nayo wiki nzima. Ilikuwa imekufa, kama mwenyewe. Hapo ndipo Magesa alipofanya lile ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kumchapa kama nilivyomchapa utotoni. Alikwenda kwenye bodaboda yake, ile nzima, ile inayolisha nyumba, akafungua injini, akaifunga kwenye chopa.

Sasa nimtaje Hyasinta, mke wake. Hyasinta hukaanga samaki kwenye kibanda pale karibu na shule, na si mtu wa maneno mengi. Kila asubuhi Magesa alikuwa akimpeleka Mwigobero kuchukua sato, kisha anamrudisha na beseni lake hadi kibandani, ndipo aende kutafuta abiria. Injini ilipohamia kwenye chopa, Hyasinta akaanza kutembea. Nilikuwa namwona akipita na beseni kichwani, maji ya samaki yakimtiririka shingoni hadi ndani ya blauzi, na nyumbani mumewe yuko chali chini ya tangi jekundu anapuliza vumbi kwenye boliti.

"Unamalizaga lini?" alimwuliza siku moja.

"Mke wangu, sanaa haiharakishwi."

Hyasinta akajitwika beseni, akaondoka. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alikuja kwangu na begi mkononi na watoto wao wawili, Enoka na mdogo wake Rebeka.

"Wifi, hawa wabaki kwako kwa ajili ya shule. Mimi naenda kwetu."

"Umeachika?"

"Sijaachika. Nimechoka kutembea. Akikumbuka kwamba ana mke, aje anifuate."

Akaenda zake Nyamuswa kwa wazazi wake. Magesa alisema mkewe angerudi kabla ya Jumatano. Jumatano ikapita, na nyingine, na nyingine. Rebeka kila jioni ananiuliza, "Shangazi, mama anakuja kesho?" na mimi namwambia kesho, mpaka nikaanza kuona aibu kumtazama. Nyumba yangu ilijaa. Uji ulikuwa hautoshi. Na katikati ya yote hayo, chopa ikakamilika.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Magesa aliitembeza Mwisenge yote, amejilaza, miguu mbele, miwani ya jua usoni. Watoto walimkimbilia. Askari wa barabarani alimsimamisha, akakizunguka kile kitu polepole, akamwuliza kwa huruma ajali ilitokea wapi. Magesa alikuwa na mpango wa kuikodisha kwa mabwana harusi. Akaja bwana harusi mmoja kuijaribu, akanyoosha miguu, akasema mama yake akimwona hivyo kanisani atadhani ameletwa mgonjwa. Hakuja wa pili. Jioni, Magesa alikuwa anarudi kwenye nyumba ambayo haina mtu, anapika ugali wa peke yake, anakula akiwa amesimama mlangoni, anaitazama chopa yake. Alikonda. Niliona, na pamoja na hasira zangu zote, nilimwonea huruma.

Siku moja akaja, akavua kofia.

"Dada, nataka kumfuata Hyasinta. Nyumba imenishinda."

Nilifurahi hadi nikamwagia chai kitambaa cha mteja. Tukamwita Shomari, tukakaa tukapanga. Mume anayemfuata mke ukweni ana adabu zake, na hapo sisi Wajita na wale Waikizu wa Nyamuswa hatupishani sana. Unatanguliza mshenga. Ukifika karibu unashuka, unaingia kwa miguu. Unakaa pa chini, umekunja miguu, hunyooshi hata kidole. Husemi mpaka usemeshwe. Mama mkwe humsogelei, humkazii macho, na yeye hakukazii. Faini ukipigwa unasema asante.

Magesa alikubali yote. Akabakiza moja.

"Lakini naenda na chopa."

"Kwa nini?" nikamwuliza. "Si tupande basi wote?"

"Akiiona ataelewa."

"Ataelewa nini?"

"Kwamba sikuwaga nacheza."

Shomari akanitazama, mimi nikamtazama Shomari. Na yeye, nadhani, alitaka kidogo kazi yake ionekane nje ya Mwisenge. Tukakubaliana Magesa ataiacha senta, Nyamuswa, kwenye duka la mtu, na kutoka hapo atatembea kama mkwe mwenye akili zake. Akaapa kwa jina la marehemu baba.

Mimi na Shomari tulipita Bunda kwa basi. Magesa alipita Butiama, kuwakwepa askari wa barabara kuu wasimpe pole tena. Sisi tukatangulia kufika. Tukapokelewa vizuri, tukapewa viti, tukapewa maji. Baba yake Hyasinta, mzee Ephraim, alikuwa hata ametabasamu mara moja, na mzee yule hatabasamu ovyo. Mama yake, mama Adventina, alikuwa kwenye jiwe pana la pale uani anaanika mihogo, ametupa kisogo, kama inavyotakiwa. Hyasinta alikuwa ndani. Shomari akakohoa, akaanza maneno yake, na yalikuwa matamu kweli.

"Mzee wangu," alisema, "kijana wetu amekosa, na hatukuja kumtetea. Lakini kitu kimoja tunakijua juu yake. Ni mtu wa unyenyekevu…"

Tukasikia mngurumo.

Baadaye Magesa alijitetea kwamba watoto wa senta walianza kuipanda, mmoja akang'oa kioo cha pembeni, akaona bora aisogeze hadi mwanzo wa njia ya kwa wakwe. Ni kweli yawezekana. Ila njia ile imebanwa na minyaa pande zote mbili, na chopa ukishaiingiza kwenye njia nyembamba haigeuki. Inahitaji uwanja kama lori lenye tela. Kwa hiyo ukiingia, lazima uende mpaka njia inapoishia, na njia ile inaishia kwa mama mkwe. Breki ya mbele, nayo, ilikuwa bado ni mpango.

Kwanza liliingia gurudumu. Baada ya muda zikaingia soli za buti mbili. Mwisho kabisa, nyuma huko, akaingia mkwe, amelala chali na miwani ya jua, mikono juu kwenye usukani wenye ua la dirisha, na miguu amemnyooshea mama Adventina moja kwa moja.

Mama akapiga ukelele, akajifunika khanga usoni, akakimbilia ndani. Chopa ikapita juu ya mihogo iliyokuwa imeanikwa hadi chini mbele ya jiwe, ikasimama ilipogonga jiwe lenyewe. Vumbi likatulia. Kuku wakarudi. Shomari alikuwa bado ameinua mkono.

"Endelea, Shomari," mzee Ephraim akasema. "Ulikuwa kwenye unyenyekevu."

Shomari akaushusha mkono, akaanza kuinyoosha kofia yake ambayo haikuwa imepinda.

Magesa alishuka, na kushuka kwenye kitu kile si kazi ya mara moja. Akavua miwani. Akaja akakaa chini kabisa, kwenye udongo, akakunja miguu hadi magoti yakamgusa kidevu, mtu mzima mwenye ndevu. Mzee alimwacha akae hivyo kitambo kirefu.

"Mimi nimetozaga watu faini hapa," mzee alisema mwishowe. "Nimetoza waliokuja wamelewa. Nimetoza waliotukana. Ambaye amekuja kwa mama mkwe amelala, tena miguu mbele, wewe ndio wa kwanza. Mbuzi."

"Asante, baba."

"Huyo wa miguu. Bado mihogo ya mama yako."

"Asante, baba."

"Na kazi? Mtoto wangu atatembeaga na beseni mpaka lini?"

"Injini inarudi kwenye boda, baba. Tukifika tu nyumbani. Nimekosa."

Hakuinua macho. Mama Adventina akaniita ndani, akatuma neno kwa mdomo wangu kwamba mihogo ioshwe na ianikwe upya na aliyeikanyaga. Magesa akainuka. Akaomba maji. Akaiokota mmoja mmoja, akaiosha, akaipanga juu ya jiwe, mbele ya shemeji zake na majirani waliokuwa wamejaa kwenye minyaa kushuhudia. Aliipanga vizuri, kwa mistari. Nikamwangalia shingo yake iliyoungua jua, nikampenda mdogo wangu, nikasema moyoni, basi, Mungu saidia, tumemaliza.

Mzee naye aliona tumemaliza. Akaita, "Hyasinta! Njoo, mumeo amekuja."

Hyasinta akatoka. Begi lilikuwa mkononi tayari. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, nywele zimesukwa upya, na nikajua kwamba nywele zile hazikusukwa baada ya faini. Alishasamehe kitambo. Alikuwa anang'ata mdomo asicheke.

"Umekonda," alimwambia mumewe.

"Wewe umependeza."

Akaenda kwenye chopa. Akapitisha kiganja juu ya tangi jekundu, akagusa lile ua la usukani, akainama akaangalia moto wa Shomari ulivyounga bomba na bomba.

"Ni nzuri," alisema. Hakuwa anatania. "Kumbe uliiwezaga kweli."

Laiti ungeuona uso wa Magesa. Miezi yote ile alikuwa akitafuta mtu mmoja amwambie hivyo, na mtu huyo alikuwa huyuhuyu. Machozi yalimlengalenga. Akairukia chopa, akaiwasha, akasogea, akangoja.

Hyasinta akaaga wazazi. Akatupia begi begani, akakaza khanga kiunoni, akaenda nyuma ya mumewe apande. Akasimama. Nyuma ya Magesa palikuwa na bati jembamba la kuzuia matope, na nyuma ya bati palikuwa na tairi, na nyuma ya tairi palikuwa na vumbi la uani. Akazunguka upande wa pili, akaangalia na huko.

"Nikae wapi?" akauliza.

Aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Magesa akageuka kutazama nyuma yake. Mwanaume huyu hajawahi kumpita mtu barabarani bila kumwambia panda twende. Amebeba mbuzi. Amebeba kabati. Alitazama pale nyuma, akamtazama Shomari, na Shomari akatazama chini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiona chopa ile kila siku kwa miezi, nimegombania rangi yake, na ndiyo kwanza nami nilikuwa naona kwamba ni ya mtu mmoja.

Magesa akazima injini.

"Ngoja," akasema. "Nikuitie boda."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Hyasinta alikuwa ameshusha begi chini, na ile hali ya kutaka kucheka ilikuwa imemtoka usoni. Magesa alikuwa tayari kwenye simu, anamwelekeza dereva, njia ya minyaa, nyumba ya mwisho, fanya haraka ndugu yangu, kuna mke wangu hapa.

Boda ikaja haraka. Dereva akageuza pale pale uani mara moja, akafuta kiti kwa kitambaa.

"Panda mama, twende."

"Mpeleke wifi yangu na huyu mzee Shomari," Hyasinta akamwambia, "wasikose gari ya Bunda. Mimi sina safari."

Akaniegemea, akanikumbatia, akaniambia niwasalimie watoto. Kisha akachukua begi lake akaingia ndani, na mlango akaurudishia bila kuubamiza. Mzee Ephraim akainuka na kiti chake akakihamishia kivulini. Faini ya mbuzi hakuizungumzia tena.

Tukapanda. Dereva mbele, Shomari katikati, mimi nyuma, watu wazima watatu kwenye pikipiki ya kawaida kabisa, na tukaenea. Nilipogeuka, Magesa alikuwa anaisukuma chopa kinyumenyume kwa miguu yake kuitoa pale kwenye jiwe la mihogo, kwa sababu pale haikuwa na mahali pa kugeukia. Shomari akaniuliza kama nimekaa vizuri. Nilikuwa nalia, na nilikuwa natafuta cha kumwambia Rebeka jioni ile.